Mpima Ardhi wa Sebuleni

Likizo ya Juni ilipokaribia, Baba Neema alitangaza mezani kwamba safari hii tunakwenda Ziwa Natron, na dereva ni yeye. Safari haikuwa na mpinzani. Ugomvi ulikuwa nani atuonyeshe njia, maana ukishaipita Engaruka ni vumbi na makorongo, na njia zinachipuka kila dereva anapokwepa mchanga uliomnasa mwenzake.

Shemeji yangu, fundi simu mjini Arusha, alitaka tutumie simu. "Shemeji, GPS haili bando," akanieleza. "Setilaiti ziko kilomita kama 20,200 huko juu, simu inazisikiliza tu. Bando linaliwa na ramani, na ramani tunaipakua hapa hapa kabla ya kuondoka."

Kaka yake, Baba Neema, akaguna. Simu ukiiweka kwenye dashibodi juani inachemka na kujizima, na kidole chenye jasho na vumbi hakiandiki kitu kwenye kioo. Yeye alitaka kile kifaa cha mkononi chenye vitufe, kinachotumia betri mbili za AA ambazo hata duka la kijijini halikosi. Kulikuwa na mgombea wa tatu, kifaa cha kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti pasipo na mtandao. Nikauliza ada yake ya kila mwezi italipwa na nani. Mgombea akajitoa.

Mwishowe pesa za makochi, nilizokuwa nazitunza mimi, zikanunua cha mkononi, na simu ikabaki kuwa akiba.

Jioni ile kifaa kilikaa sebuleni kikitafuta setilaiti bila kuipata hata moja. Kinahitaji walau nne ndipo kijue kilipo, na bati na kuta havikusaidia. Baba Neema akatoka nje kwa msuli na kandambili, akawa anatembea polepole kando ya michongoma, mkono juu, akisoma namba kwa sauti. Haikupita muda jirani akabisha hodi, bahasha ya hati ya kiwanja kwapani.

"Mzee mwenzangu, kama mnapima mpaka mngenishirikisha."

"Hatupimi, tunajaribu kifaa tu."

"Nacho kinasemaje?"

Baba Neema, mtu mkweli mno, akamwonyesha. Kwa mujibu wa kioo, tangi letu la maji lilikuwa uani kwa jirani.

"Si nilisema!" jirani akapaza sauti.

Ilibidi shemeji aitwe kueleza kwamba vifaa vya aina hii hukosea mita 3 hadi 5 hata anga likiwa jeupe, kwa hiyo kinatosha kumfikisha mtu kambini, ila mpaka ni kazi ya mpima mwenye vyombo vyake. Jirani aliondoka baada ya chai ya pili, bahasha bado kwapani.

Safarini kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipoupita Ol Doinyo Lengai. Kambi ilipaswa kuwa jirani na kijiji cha Engare Sero, lakini mshale ulituelekeza kushoto, moja kwa moja kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, na kusema bado zaidi ya kilomita 40. Baba Neema akaitazama simu. Nayo ilisema vilevile.

"Vyote viwili vinakubaliana," akasema, akaanza kutafuta njia ya kupanda ukuta.

Kadi ya kambi nilikuwa nayo mimi. Iliandikwa 2°37' kusini na 35°52' mashariki. Kwenye kioo ilisomeka 2.37 na 35.52. Nikauliza vile vialama vimekwenda wapi, gari zima likanyamaza. Digrii moja ina dakika 60, kwa hiyo dakika 37 ni karibu nukta 62, wala si nukta 37. Robo ya digrii ikapotea hivyo, na kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, tulisukumwa kilomita 27 kaskazini, mbali na zile za magharibi. Wangesahau na kusini, tungekuwa tunaitafuta kambi Turkana.

Na ule ushahidi wa simu? Shemeji alikiri kwamba hakuiona kadi kabisa. Namba alizitoa kwenye kifaa cha kaka yake.

Ndugu wakiniuliza wanunue kipi, nawaambia simu yenye ramani iliyopakuliwa inawatosha wengi, na cha vitufe ni cha wanaokaa porini siku nyingi. Ila namba ziingizwe na watu wawili, kila mmoja akisoma karatasi yenyewe, na wahakikishe kifaa kimewekwa kwenye mtindo ule ule wa kadi. Baba Neema ameikubali sheria hii. Shemeji naye ameikubali, ingawa mpaka leo anasisitiza kwamba yeye alinakili bila kukosea hata tarakimu moja.