Angekuja Usiku

Msomaji mwenzangu, kama nawe una mtoto wa kidato cha pili ndani ya nyumba, mengine huna haja ya kuelezwa. Mtoto wa kidato cha pili hasomi peke yake. Anasoma na baba, na mama, na bibi, na jirani aliyepita kuomba chumvi naye huvutiwa kiti. Kwetu hapa Isevya, Tabora, likizo ya Juni iliingia na karatasi ya kazi ya Kiingereza: sentensi za masharti, aina zote nne, kila aina sentensi tano, na zote zitoke nyumbani. Hilo la kutoka nyumbani ndilo lililotuponza.

Binti yangu tunamwita Bi Kama tangu akiwa darasa la nne, kwa sababu hapokei agizo bila kulipima. Umtume dukani, atauliza: na kama duka limefungwa? Na kama lipo wazi lakini chenji hakuna? Mdogo wake ni Redio, anayerudia kila alichosikia, tena kwa sauti, tena mbele ya wageni. Mama yao ni Meneja. Na mama yake Meneja, aliyekuja kutoka Sikonge kupimwa macho akakaa, ni Hakimu. Jina hilo wanalitamka wajukuu tu, maana wao ni watani wake. Mimi mkwe nasema shikamoo mama, na ninanyamaza.

Wa mwisho ni shemeji yangu, mdogo wake Meneja, mrina asali huko Sikonge. Yeye anaitwa Ningejua. Tangu nimjue, hakuna jambo lililomharibikia ambalo hakulifunga kwa neno hilo, kuanzia baiskeli iliyoibwa mnadani hadi uchumba uliovunjika wiki mbili baada ya posa. Ni mtu mwema kupindukia, na kila anapokuja huja na kitu mkononi.

"Msomeshe mwanao," Meneja akaniambia Ijumaa usiku. "Na mwisho saa tatu. Sitaki taa iwake mpaka usiku wa manane kwa ajili ya Waingereza."

Tukakaa mezani. Bi Kama akanisomea alichoandika shuleni, kalamu nyekundu ikiwa imepita kila mstari. "If I would know, I would come." Kosa. "If it will rain, I will stay at home." Kosa tena.

Hapa nataka niseme ninachokiamini. Mtoto huyu hajakosa akili. Amefuata Kiswahili chake kwa uaminifu wote. Sisi husema ningejua, ningekuja: -nge- huku, -nge- kule, na walimu wetu wa Kiswahili walitukanya tusithubutu kuweka -nge- upande mmoja na -ngali- upande wa pili. Kiingereza hakitaki hivyo. Would inakaa upande wa matokeo tu, upande wa sharti kwa kawaida haiingii. Na ile mvua? Tunasema mvua ikinyesha nitabaki nyumbani. Hiyo -ki- haibebi wakati wowote, na mtoto anajua kwamba mvua haijanyesha bado, kwa hiyo anaona ni haki kuitilia will. Kumbe Kiingereza husema "If it rains", kitenzi cha leo kwa mvua ya kesho.

Ubaoni watoto hupewa aina sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu, wakazikariri mfano wa hesabu za kuzidisha, na baada ya mtihani zinatoka zote. Mimi nikamwambia Bi Kama aache kwanza namba. Maana zote unazo, mwanangu. -Ki- ni jambo linaloweza kutokea. -Nge- ni la kufikirika tu. -Ngali- ni lililopita na halirudi. Kiingereza hakina vipande hivyo vya kupachika katikati ya kitenzi, kwa hiyo kikitaka kuonyesha kwamba jambo liko mbali na ukweli, hukirudisha kitenzi kambi moja nyuma, kama msafara uliokuta kisima kikavu. Know inakuwa knew, ingawa tunazungumza habari za leo. Na kama jambo lenyewe ni la jana, kitenzi kinarudi kambi nyingine tena: had known.

"Na 'If I were you'? Mbona I imepewa were?"

Nikamweleza kwamba hiyo ni desturi ya zamani ya Kiingereza iliyosalia, were kwa nafsi zote pale mtu anapowaza lisilokuwepo. Mimi kuwa wewe haliwezekani, basi sentensi yenyewe inapiga kengele.

"Mimi kuwa wewe haliwezekani!" akatangaza Redio, na Hakimu chumbani akauliza nani anagombana.

Aina ya tatu ndiyo iliyotupeleka saa tano usiku. Sentensi zitoke nyumbani, na nyumbani ni Tabora, na Tabora ina mambo ya jana kuliko mji wowote ninaoujua. Nikaanza na Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza walioingia Kazeh, ndiyo Tabora ya wakati huo, Novemba 1857. Mwaka uliofuata, walipokwisha kurudi kutoka Ujiji, Burton akabaki hapa na Speke akapanda kaskazini. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona ziwa alilolipa jina la malkia wake, Victoria, na akaamini kwamba Nile inatoka humo. Burton hakukubali, na urafiki wao ukaharibika. Bi Kama akaandika: "If Burton had gone north, he would have seen the lake." Safi kabisa. Had upande wa sharti, would have upande wa matokeo.

Kisha nikamletea Januari 1958. Mkutano mkuu wa chama cha TANU ulikaa hapa hapa Tabora kuamua kuhusu kura tatu, ule utaratibu wa kikoloni uliomlazimu kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere, kiongozi wa chama, aliyesoma Tabora School na baadaye kufundisha St. Mary's papa hapa, akawashawishi washiriki, na wazee wakauita Uamuzi wa Busara. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961.

"If TANU had boycotted the election," akaandika, kalamu ikasimama. Upande wa matokeo ulimshinda. "Baba, nikiandika would have, si nitakuwa nimesema kwamba nina hakika?"

Nilifurahi mno. Nikamwonyesha might have, ya mtu anayekisia na kuheshimu asichokiona: "independence might have come later." Kanuni ya ubaoni haimfikishi mtoto hapo. Kinachomfikisha ni jambo analolijali. Meneja akazima taa tukiwa katikati ya nukta.

Jumamosi mchana, jua la utosi, pikipiki ikasimama mlangoni. Ningejua akashuka na ndoo mbili za masega kutoka msituni, asali ya miombo, nyekundu, inayonukia mpaka barabarani. Alitaka ichujwe upesi ili arudi na ndoo zake kwa basi la alasiri.

"Mwadila," Hakimu akamsalimu mwanawe, kisha akazitazama zile ndoo. "Ukichuja asali mchana, nyuki huja."

Bi Kama akarukia daftari. Aina sifuri, sentensi ya jambo ambalo huwa hivyo siku zote: "If you strain honey in the daytime, bees come." Wakati uliopo pande zote mbili. Nikampongeza. Naona ingalifaa tufikirie zaidi maana yake.

Meneja, aliyekwisha kutandika beseni na kitambaa juu ya meza, akajibu kwamba tukiwahi tutamaliza kabla hawajanusa. Aina ya kwanza hiyo: sharti linalowezekana, matokeo yanayotarajiwa. Bi Kama akaiandika pia. Maharage yalikuwa jikoni yakichemka, dirisha la jikoni wazi kwa sababu ya moshi wa mkaa.

Nyuki wa kwanza alikuja mmoja, akazunguka beseni, akaondoka. "Ameondoka!" akatangaza Redio. Hakimu akasimama na kuanza kutafuta kanga yake. Mtu aliyekulia Sikonge anajua kwamba nyuki anayeondoka hivyo anakwenda kuwachezea wenzake ngoma ndani ya mzinga, ya kuwaelekeza chakula kiko upande gani na umbali gani. Na Juni, mvua zimekwisha na maua mengi yameshapukutika, asali iliyoachwa wazi ni karamu.

Walikuja wengi hata dirisha likawa jeusi. Mwanzoni walikuwa na shughuli zao tu, wanachota na kuondoka, na Hakimu alikuwa akitusihi tutoke polepole bila kurusha mikono. Redio akapiga mmoja kwa ungo. Nyuki akichoma huacha harufu inayowaita wengine, na hapo basi nyumba haikuwa yetu tena. Meneja alitoka na mwiko mkononi, Bi Kama na kalamu bila daftari, mimi nimembeba Redio, na Ningejua wa mwisho, akijaribu kuiokoa ndoo moja, nayo ikamwagika kizingitini.

Tukajipanga chini ya mwembe wa jirani, mmoja wa ile miembe mikubwa ambayo wazee husema ilitokana na misafara. Hakimu akauona mwiba sikioni mwa Redio, hakuchelewa, akaukwangua kwa ukucha, kwa sababu kadiri unavyokaa ndivyo sumu inavyozidi kuingia. Harufu ya maharage yanayoungua ikatufikia, na hakuna aliyeweza kuingia kuyaepua.

Ningejua akavuta pumzi. "Ningejua, ningekuja na basi la jioni."

"'If I had known, I would have come by the evening bus,'" akasema Bi Kama papo hapo. Mwanangu! Mjomba kasema -nge-, lakini yeye amesikia kwamba jambo limekwisha pita. Hakuna would upande wa sharti, hakuna kalamu nyekundu popote. Kisha akatazama mlango wetu, akaangalia moshi wa maharage, akasema polepole, "Baba, hii nyingine sijui ni aina gani. If he had come at night, we would be eating now."

Nikamwambia haimo katika zile nne, na ni sahihi kabisa. Sharti ni la jana, limekwisha fungwa, lakini njaa ni ya sasa hivi, kwa hiyo kila upande umechukua wakati wake. Angekuja usiku, saa hizi tungekuwa tunakula.

"Tungekuwa tunakula!" akalia Redio, na jirani akatuletea bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga.

Jua lilipozama nyuki wakarudi kwao. Hakimu akafunga mlango na madirisha, akachuja ndoo iliyobaki kwa mwanga hafifu bila kusema neno, na asali ile, naapa, ni tamu kuliko zote nilizowahi kula. Daftari lilipatikana chini ya beseni, kurasa zimegandana, na Bi Kama akaanza kunakili sentensi zake upya. Basi la alasiri lilikuwa limeshaondoka, hivyo Ningejua akalala kwenye godoro la Redio, na Redio akalala katikati yetu, sikio limevimba, akirudia aina ya tatu usingizini.

Asubuhi shemeji akaaga. Akasema ana mizinga mingine haijarinwa. Meneja akamsindikiza hadi barabarani akimtajia masharti: akija, aje jua limezama, akichelewa, alale stendi, ndoo ziwe na mifuniko. Ningejua akakubali yote, akapanda pikipiki. Ndoo zinakuja Jumamosi.