Karanga, Korosho na Kakao: Vitamu Vinane vya Jikoni Kwako, Tukihesabu Kutoka Mkiani

Kakao tunayo Kyela. Korosho tunazo Mtwara na Lindi, karanga Dodoma na Tabora, ndizi kila kona. Halafu mtu anavaa viatu, anakwenda supamaketi kununua kipande cha chokoleti kilichosafiri kwa meli, kikayeyuka njiani, kikaganda tena na kuota unga mweupe. Jamani! Orodha hii ya chokoleti na siagi za karanga, korosho na ndugu zao imeandikwa kumrudisha mtu huyo jikoni.

Kabla ya kuhesabu, sheria tatu zisizo na mjadala. Kwanza, soma karatasi ya chokoleti. Ikiwa na siagi ya kakao, chukua. Ikiwa na mafuta mengine ya mimea badala yake, hiyo ni chokoleti kwa jina tu. Pili, maji yakae mbali. Tone moja likidondokea chokoleti iliyoyeyuka, yote inashikamana na kuwa tope gumu, kwa hiyo kausha bakuli, kausha mwiko, na kama unayeyushia juu ya sufuria ya maji ya moto, usiache mvuke ukapenya. Tatu, chambua karanga. Yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi, tupa. Sumukuvu haimalizwi kwa kukaanga, wala haijali kwamba umeongeza asali. Na ukiwa na wageni, uliza kwanza kama kuna anayedhuriwa na karanga au korosho. Wapo ambao punje moja inatosha kuwapeleka hospitali.

Haya, tuanze na anayeshika mkia.

8. Ndizi ya friza

Menya ndizi mbivu, kata vipande vinene, paka kimoja siagi ya karanga, kifunike kwa kingine, gandisha kwa saa mbili, chovya kwenye chokoleti. Basi. Iko mkiani kwa sababu ndizi ndiyo inayofanya kazi na mpishi ndiye anayepokea sifa. Watoto wataitetea kwa machozi, lakini hapa watoto hawapigi kura.

7. Buckeye ya Ohio

Jimbo la Ohio huko Marekani lina mti uitwao buckeye, wenye mbegu ya kahawia iliyokoza na doa jeupejeupe. Mbegu hiyo ni sumu. Watu wa Ohio hawakukubali kushindwa: wakatengeneza mbegu yao ya kuliwa, kidonge cha siagi ya karanga kilichochovywa kwenye chokoleti hadi shingoni, utosi ukaachwa wazi. Hongera zao.

Chukua gramu 250 za siagi ya karanga, gramu 60 za siagi ya maziwa na gramu 120 za sukari ya unga, ile ya kupambia keki. Ohio wanaweka sukari nyingi zaidi ya hiyo. Wewe weka unga wa maziwa pale ilipopungua, utashukuru. Viringisha, gandisha, choma kijiti, chovya.

Siagi yenyewe saga kwa karanga za Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja Kongwa kuzifuata, ikitaka mafuta ya kula baada ya vita. Walileta mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta! Udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukagoma, mvua nayo ikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafungwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Dodoma bado inalima karanga hadi leo, bila kifaru hata kimoja.

6. Kashata iliyovaa koti

Mwambao haukuisubiri Ohio. Yeyusha sukari kwa moto mdogo hadi ipate rangi ya dhahabu, mimina karanga zilizokaangwa na kumenywa, nyunyiza hiliki, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata ingali moto. Ikipoa, chovya nusu ya kila kipande kwenye chokoleti nyeusi. Nusu tu, tafadhali. Nusu nyingine ni ya heshima.

Wazee wa barazani watakuuliza ni nani aliyekutuma. Wakaribishe kimoja kimoja pamoja na kahawa chungu, kisha nyamaza. Mzee anayenyoosha mkono mara ya pili ameshajibu.

Ingepanda juu zaidi, ila karanga zake ni nzima, hazikusagwa, na shindano hili ni la siagi. Kanuni ni kanuni.

5. Gianduja ya Torino

Hapa tuvue kofia. Torino, kaskazini mwa Italia, husimulia kwamba Napoleon alipozuia bidhaa za Uingereza kuingia Ulaya mwaka 1806, kakao ikawa adimu na ghali, na mafundi wa chokoleti wakairefusha kwa njugu za hazelnut kutoka vilima vya jirani. Mwaka 1865 kampuni ya Caffarel ikatoa vipande vidogo vya mchanganyiko huo na kuvipa jina la Gianduja, kikaragosi wa kanivali ya mji. Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1964, familia ya Ferrero katika mji wa Alba ikaanza kuuza Nutella. Kopo ambalo watoto wako wanalilamba kwa siri lina ukoo mrefu kuliko wanavyodhani.

Nyumbani, tumia lozi, maana hazelnut bei yake haina aibu. Kaanga gramu 200 za lozi, saga hadi ziwe uji mzito, changanya na gramu 200 za chokoleti ya maziwa iliyoyeyushwa na chumvi kidogo. Ikiganda, kata. Ikikushinda kuganda, iite ya kupaka mkate na uendelee kuheshimika.

4. Tende iliyobeba mimba

Majahazi ya Oman yalileta tende pwani yetu kwa upepo wa kaskazi, karne na karne. Kwa hiyo hili ni jambo la kifamilia. Tende aina ya Khalas ni laini na tamu. Fardh ni imara na hushikika vizuri ikichovywa. Ipasue ubavuni, toa kokwa, jaza tahini au siagi ya lozi, ongeza chembe za chumvi, funga, chovya kwenye chokoleti nyeusi. Chokoleti ya maziwa usiilete hapa. Utamu wa tende unatosha mtaa mzima. Kinachotakiwa ni uchungu wa kuutuliza.

Mwezi wa Ramadhani weka sinia moja mezani na jingine lifiche. Shemeji wote wana pua.

3. Vikombe vya Bwana Reese

Harry Burnett Reese alikuwa mfanyakazi wa shamba la ng'ombe wa maziwa la Milton Hershey, mfalme wa chokoleti wa Pennsylvania. Alikuwa na watoto 16. Kumi na sita! Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kukaa kivivu: akaanza kutengeneza peremende kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na mwaka 1928 akatoa kikombe cha chokoleti chenye siagi ya karanga ndani. Mwaka 1963, miaka saba baada ya kifo chake, kampuni yake ikaunganishwa na ile ya Hershey. Vibarua, mmesikia?

Kwa vikombe kumi na viwili vidogo unahitaji gramu 200 za chokoleti, gramu 150 za siagi ya karanga, vijiko vitatu vya sukari ya unga na chumvi. Mimina chokoleti chini ya kila karatasi ya keki, gandisha dakika kumi, weka kidonge cha karanga, funika kwa chokoleti.

Kazi iko kwenye kung'aa. Siagi ya kakao huweza kuganda kwa maumbo sita tofauti, na ni moja tu linaloipa chokoleti mng'ao na mlio ule inapovunjwa. Ndiyo sababu chokoleti iliyoyeyushwa ovyo hutoka na mabaka ya kijivu. Dawa yake ni hii: yeyusha theluthi mbili ya chokoleti nyeusi hadi nyuzi 45, ondoa motoni, tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa vipande vidogo, koroga bila papara hadi ishuke kwenye nyuzi 31 au 32. Huna kipimajoto? Chovya ncha ya kisu na usubiri. Ikikauka ndani ya dakika chache, iking'aa na bila michirizi, imekubali. Ikibaki na unyevu, endelea kukoroga.

Fanya kazi hii usiku au asubuhi mapema. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na jiko la Dar es Salaam la mchana wa Februari linakaribia hapo kabla hujawasha gesi.

2. Chokoleti ya Dubai, kwa tambi zetu

Kwetu mjamzito hutamani udongo na embe bichi. Mwaka 2021 huko Dubai, Sarah Hamouda akiwa mjamzito alitamani kunafa, kitamu cha nyuzi za unga, na kutokana na hamu hiyo likazaliwa duka la Fix na kipande kinene cha chokoleti chenye siagi ya pistachio, tahini na nyuzi za unga zilizokaangwa. Mwishoni mwa 2023 video moja ya TikTok ikaitangaza, na dunia nzima ikajua mlio wake. Heko, mama.

Pistachio ni ghali na nyuzi zile hazipatikani kila duka. Tambi, je? Nani hana tambi? Chukua gramu 100 za zile nyembamba kabisa, zivunje ziwe fupi kuliko ukucha, zikaange kwa vijiko viwili vya samli kwa moto mdogo, mwiko usitulie, mpaka ziwe kahawia na jiko linukie Idi. Usitie maji hata kidogo. Leo si tambi za futari. Zikipoa, changanya na gramu 150 za siagi ya korosho, kijiko cha tahini na chumvi. Paka chokoleti ndani ya kontena bapa la plastiki, gandisha, jaza mchanganyiko, funika kwa chokoleti, gandisha tena.

Haitakuwa ya kijani. Atakayelalamika, mpe ganda la ndizi, hilo lina kijani cha kutosha.

1. Bingwa: kakao ya Kyela, korosho ya Mtwara

Korosho ilitoka Brazili kwa meli za Wareno. Kakao nayo asili yake ni Amerika. Zimezunguka dunia zikakutana tena Tanzania, na sisi ndio tuwaozeshe.

Anza na korosho, gramu 300, ziwe zimebanguliwa. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo kazi hiyo waachie wenye ujuzi. Kaanga taratibu hadi zipate rangi ya dhahabu, tia kwenye blenda zingali vuguvugu. Kwanza utapata unga. Kisha unga utajikusanya uwe donge linalozunguka na kugongagonga ukuta wa blenda, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakaongeza mafuta au, Mungu apishe mbali, maji. Usiongeze kitu. Zima, kwangua pembeni, pumzisha mashine, washa tena. Ghafla donge linalegea, linang'aa, linaanza kutiririka kama uji wa ulezi. Mafuta yalikuwa ndani ya korosho muda wote.

Sasa kakao. Nunua mbegu zilizochachushwa, yaani zilizofunikwa kwa majani ya mgomba siku tano hadi saba kisha zikaanikwa. Ambayo haikuchachushwa ni chungu tu, haina harufu ya chokoleti. Kaanga gramu 250 kwa moto mdogo dakika 20 au 25, mpaka maganda yaanze kupasuka. Menya, pepeta kwa ungo. Twanga kwenye kinu kilichopashwa moto: nusu ya mbegu hiyo ni mafuta, kwa hiyo baada ya jasho kidogo unga utageuka rojo jeusi. Tia gramu 90 za sukari, twanga tena.

Itakwaruza ulimi. Iache ikwaruze! Mji wa Modica huko Sicily unajivunia chokoleti ya namna hiyo hiyo, inayotengenezwa bila sukari kuyeyuka, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulilinda jina lake kisheria. Mkwaruzo huo, juu ya ulaini wa korosho, ndio unaoipa taji.

Tandaza nusu ya rojo la kakao kwenye sinia, gandisha, paka siagi ya korosho unene wa kidole, nyunyiza chumvi ya bahari, funika kwa rojo lililobaki. Friji usiku kucha. Kata kwa kisu cha moto kilichofutwa kikakauka.

Msimu wa korosho Mtwara na Lindi hufunguka Oktoba. Zikianza kuingia sokoni, nunua kwa kinamama wanaobangua kwa mikono, wape bei yao, na ukikutana na mtu anayetoka Kyela mwagize kilo mbili za kakao kavu.