Mwongozo kwa Askari Anayeondoka na Likizo Mfukoni

Umevaa magwanda ya Marekani miaka minne, sita au kumi, umekula chakula cha pakiti mpaka ulimi ukasahau pilau, na sasa mkataba unaisha. Kikosi kitakukatia keki. Utapewa kibao chenye jina lako, na mkubwa wako atakumwagia sifa mpaka machozi yakulenge. Keki ile, picha piga. Ila kabla hujasaini karatasi yoyote siku hiyo, uliza kwa sauti inayosikika: siku zangu za likizo zimebaki ngapi, na zinalipwa lini?

Nakuandikia wewe Mkenya, Mtanzania au Mkongomani uliyeingia jeshini kwa kadi ya kijani, au kwa mpango wa MAVNI ulioanza 2008 ukitafuta watu wa lugha adimu, Kiswahili kikiwamo. Jamaa nyumbani wanaona kombati na kudhani mwanao ameshatajirika. Mjomba ameshapigia hesabu bati za paa. Basi angalau ulichokitolea jasho kikufikie chote.

Anza kwa kuamini kwamba likizo ni mshahara. Kila mwezi wa utumishi unakupa siku 2.5, yaani 30 kwa mwaka, na siku hizo ni zako kama pesa zilizo benki. Haki hii haikushuka kama mvua. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, maofisa wa Marekani walikwenda nyumbani na malipo ya likizo waliyoilimbikiza, huku askari wa kawaida, wale waliotambaa matopeni, wakiondoka bila kitu kwa sababu likizo yao ilihesabiwa kuwa hisani. Walipiga kelele hadi Bunge likasikia, na tarehe 9 Agosti 1946 Rais Truman akatia saini sheria ya likizo ya majeshi. Fomu za madai ziligawiwa kwenye ofisi za posta. Hata hapo wengi hawakushika pesa taslimu: aliyedai chini ya dola 50 alilipwa mkononi, waliobaki walipewa hati za dhamana za miaka mitano, riba asilimia 2.5. Wakapiga kelele tena, na mwaka uliofuata, kuanzia Septemba, wakaruhusiwa kuzibadilisha ziwe pesa. Ukiona aibu kudai, wakumbuke hao.

Hatua ya kwanza, basi: mpende karani wa fedha kuliko unavyompenda kamanda. Mjue jina, msalimie, muulize watoto. Kamanda atakuandikia barua ya pongezi, lakini karani ndiye anayeandika namba, na namba yake ndiyo itakayoingia benki. Huyu ni mtu anayehudumia foleni ndefu kwa siku fupi. Mrahisishie kazi kwa kufika na karatasi zako zimepangwa.

Hatua ya pili ni kuisoma karatasi ya mshahara, ile LES, kwa macho yale yale unayokaguliwa nayo bunduki. Shuka hadi mstari wa likizo. Tuseme ni mwisho wa Juni. BF BAL inasema 40: hizo ulivuka nazo tarehe 1 Oktoba, mwaka wa fedha ulipoanza. ERND ni 22.5, miezi tisa mara 2.5. USED ni 12. Kwa hiyo CR BAL lazima iwe 50.5. Kama mkataba unaisha 30 Septemba, ETS BAL inakuongezea 7.5 za miezi mitatu iliyobaki na kufika 58. Piga hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na likizo hupotea kwa njia za kawaida kabisa: safari iliyoahirishwa lakini fomu ikabaki kwenye mfumo, au likizo moja iliyokatwa mara mbili. Ndiyo maana kila fomu ya likizo, DA 31 kwa walio Jeshi la Nchi Kavu, inatunzwa nakala. Itunze pamoja na cheti cha ndoa, usiiache ndani ya gari.

Angalia pia USE/LOSE. Kwa kawaida siku zinazozidi 60 zinafutika tarehe 30 Septemba inapopita, isipokuwa una kibali maalumu, kwa mfano kwa sababu ya kupelekwa vitani.

Sasa uamuzi: uuze siku au uzile? Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa haraka ya kushika fungu. Ukiuza, unalipwa mshahara wa msingi peke yake, sehemu moja ya thelathini ya mwezi kwa kila siku. Mwenye dola 3,000 kwa mwezi anapata 100 kwa siku, kwa hiyo siku zetu 58 ni dola 5,800. Kodi ya serikali kuu inakata asilimia 22, yaani 1,276, unabaki na 4,524, na jimbo lako laweza kutaka chake. Lakini ukiomba kuzimalizia nyumbani kabla ya tarehe ya kutoka, unalipwa mshahara ule ule pamoja na posho ya nyumba na ya chakula, unaendelea kulimbikiza siku 2.5 kila mwezi, na unaweza hata kuanza kazi mpya ya uraiani huku jeshi likikulipa. Kamanda akikubali, zile. Akikataa kwa sababu kikosi kina upungufu wa watu, ziuze, na ujue kwamba hukuchagua vibaya.

Kuna ukomo wa kukumbuka. Tangu Februari 1976, mtu anaruhusiwa kuuza siku 60 katika utumishi wake wote. Kama uliuza 20 ulipoongeza mkataba, zimebaki 40, na LV PAID kwenye LES itakuumbua ukijifanya umesahau. Aliyefukuzwa kwa hati mbaya halipwi kitu. Na kwa askari asiye ofisa, siku alizozipata akiwa eneo la vita haziguswi na kodi zinapouzwa, hakikisha zimetengwa.

Siku ya kupewa DD-214, hati ya kuachiliwa jeshini, ikifika, nenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha 16. Hapo huandikwa siku za likizo zilizolipwa. Ukikuta 28 mahali pa 58, weka kalamu chini. Hizo 30 ni dola 3,000, na ni rahisi kuzirekebisha ukiwa bado umesimama mbele ya karani kuliko ukiwa Eldoret unapiga simu usiku wa manane.

Kama umeshatoka, usikate tamaa. Madai ya malimbikizo hupelekwa DFAS, idara inayolipa majeshi, kwa fomu ya DD 827, ndani ya miaka sita. Andika barua fupi: tarehe ulizotumikia, siku ulizolipwa, siku ulizostahili, tofauti yake. Bandika LES ya mwisho na nakala za likizo. Hasira iache nje ya barua. Namba zikae ndani. Kama kosa liko kwenye rekodi yenyewe, fomu ni DD 149, kwa bodi ya kurekebisha rekodi ya jeshi lako, ndani ya miaka mitatu tangu ulipoligundua. Ukipigwa danadana, omba jibu la maandishi, kwa sababu rufaa hukatwa dhidi ya karatasi na si dhidi ya simu.

Akaunti ya benki usiifunge mpaka malipo ya mwisho yaingie. Weka pia jina la kuingilia na nywila za myPay, tovuti ya mishahara ya jeshi, kabla hujarudisha kitambulisho, la sivyo mlango utafungwa ukiwa nje. Kama ulipoteza kofia ya chuma au unadaiwa bonasi, deni litakatwa humo humo, omba mchanganuo.

La mwisho ni kwa ambao bado wako kazini. Askari akifa akiwa kazini, likizo yake yote huenda kwa warithi, na ule ukomo wa 60 hauwahusu. Pesa hizo hufuata jina lililoandikwa kwenye DD 93, fomu unayoandikia warithi wako. Ifungue wiki hii. Mama yako anaitwa Mama Baraka mtaa mzima, lakini benki haimjui mtu huyo. Mpigie, mwambie akusomee kitambulisho chake herufi kwa herufi, na uandike hivyo hivyo.