Kwa Heshima ya Dirisha Lisilojibu

Kahawa ya Imenti Kusini haikosi wa kuisifu. Chai ya Kionyo ina wapambe wake, na ndizi za Mitunguu zina malori yanayozigombania. Hata nzi alipata wakili: Lucian wa Samosata alimwandikia sifa katika karne ya 2. Upumbavu nao ulisifiwa na Erasmus katika kitabu alichokichapisha mwaka 1511. Ikiwa nzi na upumbavu wamepata haki yao, ni aibu kwetu sisi wa Nkubu kwamba mtumishi mtulivu kuliko wote katika ofisi zetu hajaandikiwa hata aya moja. Namsemea programu iliyoganda ndani ya kompyuta ya mbali.

Kwa asiyemjua, makao yake ni haya. Ofisi ya ushirika iko Nkubu, lakini vitabu vya hesabu viko ndani ya seva Meru mjini. Karani hufungua kikao cha mbali, na kuanzia hapo anachokiona si kompyuta, ni picha yake. Akisogeza mausi, habari za kusogezwa kwake zinasafiri hadi Meru, kisha picha mpya inarudi Nkubu. Kwa kuwa ikweta inapita kati ya miji hii miwili, karani ameketi nusu ya kusini ya dunia na kazi yake inafanyika nusu ya kaskazini. Ni afisa gani mwingine avukaye ikweta kila dakika bila kudai marupurupu ya safari?

Nasaba yake haina doa. Microsoft ilitoa Windows NT 4.0 ya kuhudumia watu wengi kwa mbali mwaka 1998, na mwaka 2001 Windows XP ikaufikisha ufundi huo katika ofisi za kawaida. Mlango wake una namba, 3389, ijulikanayo kwa mafundi na kwa wezi. Hata kuganda kwenyewe kuna sheria. Dirisha likikaa sekunde 5 bila kuokota ujumbe linaotumiwa, Windows hulitangaza kuwa halijibu, hulificha, na mahali pake huweka jingine la sura ileile. Wahandisi wenyewe huliita mzimu. Na mzimu huu una adabu: hukubali kusogezwa, hukubali kupunguzwa, hukubali hata kufungwa. Kitu kimoja tu hukataa, nacho ni kazi.

Tuanze na fadhila ya elimu. Karani ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja wa mambo ya mitandao hufundishwa na mkwamo kutofautisha vifo viwili. Akitazama saa iliyo pembeni mwa skrini ya mbali na kuona dakika zinaendelea kubadilika, basi njia ni nzima na programu ndiyo iliyozimia. Saa nayo ikisimama, basi njia imekatika, na programu huenda inachapa kazi huko Meru bila shahidi. Somo hili wakati mwingine huja na jiografia. Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Wangapi miongoni mwetu walijua, kabla ya siku ile, kwamba kazi zao zimening'inia kwenye nyuzi zilizolala baharini?

Fadhila ya pili ni uaminifu. Binadamu ukimpa kisogo anaondoka. Programu iliyoganda haiondoki. Karani anabonyeza alama ya kufunga kikao, anachukua koti, anapanda matatu. Anadhani amefunga. Alichofanya ni kuondoa macho tu, kwa maana kukata muunganisho hakumtoi mtu ndani ya seva. Kikao kinabaki wazi, programu inabaki palepale ilipozimia, na faili inabaki mikononi mwake. Mwenzake akiihitaji jioni ile, anaambiwa faili inatumiwa na mtu mwingine. Mtu mwingine huyo wakati huo yuko sokoni anapatana bei ya parachichi. Kesho asubuhi anarudi kikaoni na kulikuta dirisha linamngoja, herufi ileile ya mwisho ikiwa haijakamilika.

Ya tatu ni ujasiri mbele ya silaha. Mhandisi David Bradley wa IBM alibuni mshiko wa vitufe Ctrl, Alt na Delete kwa ajili ya kompyuta iliyotoka mwaka 1981, na tangu hapo wanyonge wote wa dunia wameukimbilia. Hapa haufui dafu. Karani akiubonyeza, anayeitika ni kompyuta ya Nkubu, ambayo haina kosa lolote. Ya Meru haina habari kwamba imeshambuliwa. Ili pigo livuke ikweta, kitufe cha mwisho lazima kiwe End badala ya Delete. Tofauti ni kitufe kimoja, na ofisi nzima huweza kuishi miaka bila kukijua, huku ikimwadhibu asiye na hatia kila Ijumaa.

Lakini hayo yote ni mapambo. Sifa yake kuu ni utumishi kwa umma, hasa umma ulio upande wa ndani wa kaunta. Tazama foleni ya siku ya malipo ya kahawa. Nyanya mmoja ametoka Kanyakine na risiti zake za kupimia zimefungwa kwenye leso.

"Nyanya, mtambo umeganda," karani anamwambia.

"Umeganda na pesa zangu ndani?"

"Ziko salama. Rudi Jumatatu."

Angalia amani iliyopatikana hapo. Karani hakudanganya, dirisha kweli limepauka. Meneja hakuulizwa kitu. Aliyeuza programu atasema ni mtandao, wa mtandao atasema ni seva, wa seva atasema ni programu, na mzunguko huo utakamilika bila mtu kuinuka kitini. Mwenyekiti naye, siku ya mkutano mkuu, ana jibu lisilopingika, maana mshtakiwa yuko mji mwingine, hana jina, na kwa tabia yake hajibu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hawakuwahi kuona kimya kinachozaa kimya kingine.

Na asidhani mtu kwamba mkwamo huu ni kipofu. Una busara ya kuchagua. Asubuhi, mambo yakiwa mepesi, makato huingia yote: ya mbolea, ya dawa, ya mkopo wa karo, ya akiba. Hakuna mkulima aliyewahi kuambiwa kwamba deni lake limeshindikana kukatwa kwa sababu ya mtambo. Ni pale tu hesabu inapofika kwenye safu ya kulipa ndipo dirisha huanza kufifia. Wataalamu watasema ni kwa sababu saa hiyo kila ofisi inavuta kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Mimi nasema tusiwanyang'anye wenye akili sifa yao.

Kwa hiyo wanaotaka kuliangamiza dirisha hili wafikiri mara mbili, kwa sababu dawa yake ni rahisi mno. Ctrl, Shift na Esc, kikao kikiwa kimejaza skrini yote, huleta orodha ya programu za huko mbali. Chagua iliyoganda, imalize, ifungue upya. Ikigoma, mtunza seva anaweza kukifuta kikao chote bila kutoka ofisini kwake. Kazi yote haizidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Baada ya hapo foleni itasogea, nyanya atahesabu noti zake, ataziona pungufu, na atauliza ni nani aliyezipunguza. Siku hiyo swali lake litahitaji mtu wa kulijibu. Ndiyo maana vitufe vyenyewe vipo kwenye kila kibodi ya Nkubu, na bado havijapata wa kuvibonyeza.