Majani Yote Haya na Hakuna Mbuzi

Mwezi wa Oktoba ukifika, watu wa Galbet, mjini Garissa, hutazama mawingu. Binti wao mmoja aliyehamia Minnesota, Marekani, siku hizi hutazama chini. Ni mwalimu msaidizi katika darasa la watoto wa miaka mitatu hadi mitano huko Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis ambao ghorofa zake ndefu za Riverside Plaza, zilizofunguliwa mwaka 1973, zimejaa Wasomali kiasi kwamba salamu ya kwenye lifti inaweza kuishia kwa kuulizana ukoo. Sauti anazotuma kwenye grupu la familia la WhatsApp zimekuwa ndefu kuliko khutba ya Ijumaa, na nyingi zinahusu majani makavu.

“Yaani wanakulipa dola uokote takataka?” ayeyo, yaani bibi yake, aliuliza alipopewa simu.

Wanamlipa, ndiyo. Msimu wa majani kupukutika ukianza, masomo mengi ya chekechea huko huhamia chini ya miti. Watoto hupewa mifuko ya karatasi, wakatoka kuokota. Kutoka kwenyewe ndiyo kazi: jaketi, kofia, glavu mbili kila mtoto, na ile zipu inayokwama palepale kila siku. Wa mwisho akimaliza kufungwa, wa kwanza anataka choo, na kila kitu kinavuliwa upya.

Wakirudi ndani, majani humwagwa mezani. Mekundu huku, manjano kule, ya kahawia pembeni. Kisha yanachanganywa tena na kupangwa kwa ukubwa. Huko kupanga ndiyo hesabu ya mtoto ambaye bado hajaandika namba. Jani likiwekwa chini ya karatasi na kreyoni ikasuguliwa juu yake, mishipa yake inajichora yenyewe, na mtoto anashangaa imetoka wapi. Binti alituma picha ya meza nzima. Jibu la ayeyo lilikuwa fupi: mbuzi wa hapo wako wapi?

Swali lake lina msingi. Garissa ina soko la mifugo ambalo ni kati ya makubwa Afrika Mashariki, na jani la mgunga likianguka, halikai chini muda mrefu likisubiri kupangwa rangi. Linalosalia kijani hata kwenye kiangazi kikali ni la mathenge, mti ambao hakuna mfugaji anayeusifu. Wakazi wa Baringo walipoishtaki serikali juu yake, walifika mahakamani na mbuzi kibogoyo, meno yameharibiwa na maganda yake matamu. Hilo lingekuwa somo zuri la sayansi pia.

Tuseme kweli: nyuma ya mchezo huu kuna elimu nzito. Jani bichi linakatwakatwa, linapondwa kwenye gilasi yenye spiriti kidogo (mwalimu ndiye anayeishika), kisha karatasi ya kuchujia kahawa inachovywa ncha. Baada ya muda rangi hupanda karatasini: kijani, na mahali pengine mstari wa manjano. Kumbe manjano ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa na klorofili. Siku zikifupika na baridi ikiingia, mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka na manjano inajitokeza. Nyekundu ya mti wa mepo (maple) ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa wakati huohuo wa kuaga.

Ndiyo maana Galbet haina msimu huo. Garissa iko karibu mno na ikweta, na mchana wake ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Mti hauna la kuushtua. Minneapolis iko karibu nyuzi 45 kaskazini. Huko, Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na Desemba Maghribi huingia kama saa kumi na nusu. Hilo grupu zima lilikataa kuliamini mpaka binti alipopiga picha ya dirisha.

Lakini lililozua mjadala ni boga. Lililetwa boga kubwa, watoto wakatakiwa kubashiri: likiwekwa kwenye beseni la maji, litazama? Wengi walisema litazama. Likaelea, kwa sababu ndani lina uwazi. Kisha likakatwa kifuniko, na kila mtoto akaambiwa aingize mkono. Mmoja alijipaka nyuzinyuzi zake kichwani. Mwingine alificha mikono nyuma na kutangaza kwamba hilo boga lina kamasi. Mbegu zikaoshwa na kuhesabiwa kumi-kumi mpaka meza ikajaa.

Baada ya hapo, desturi ni boga kutobolewa macho na mdomo, liwashwe mshumaa ndani usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, halafu lioze nje mlangoni. Wahamiaji wa Ireland waliileta desturi hiyo; kwao walikuwa wakichonga tanipu. Ayeyo hakutaka historia. Alitaka kujua nani anachezea chakula. Wapo walimu wa Marekani kwenyewe wanaouliza vivyo hivyo. Darasa hili, ambalo wazazi wake wengi hawasherehekei Halloween, lilikubaliana kufanya sherehe ya mavuno, na boga likaenda nyumbani kwa binti, likapikwa kwa tui, sukari na iliki. Mwalimu mkuu wa darasa alirudisha bakuli tupu.

Sasa zamu ya Galbet imefika. Binti amepewa wiki moja ya Novemba awafundishe watoto msimu wa kwao, na msimu huo ni deyr, mvua za vuli. Hakuna mtu wa Garissa anayehitaji chati kuujua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa. Deyr ya 2023 ikaja na mafuriko yaliyokata barabara ya Madogo, watu wakavuka kwa boti. Ajabu ni kwamba mtoto wa PP1 huku Garissa anaweza kukutana kitabuni na jani jekundu kabla ya kuuona mto Tana ukichorwa. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti tangu Katiba ya Kenya ya 2010, hivyo wa kuulizwa yuko karibu.

Kwa walio nyumbani, ombi ni hili. Mwenye simu nzuri arekodi mvua kwenye mabati, ngamia wakinywa, na rangi ya Tana ikijaa. Video za harusi zisubiri. Maganda ya mgunga msimpe msafiri yeyote, maana mbegu za kupanda haziingizwi Marekani kiholela. Pigeni picha tu.