Chafya ya Nne

Jikoni kwa Waswahili wa Maskati hakuna mpishi mmoja. Kuna mwenye sufuria, na kuna wenye maoni. Pilau huyavumilia hayo: huyu kaongeza bizari, yule kapunguza moto, mwisho mnakula. Chakula cha Kichina cha karai hakivumilii. Kinataka moto mkali, mkono mwepesi na mwenye amri mmoja.

Ijumaa ile nilipanga kupika kuku wa Kisichuan kwa uyoga mweusi, ule unaouzwa mkavu, umejikunja na mwepesi kama majani makavu. Ukiutia maji hufura mara kadhaa, kiganja kimoja kinalisha watu. Nikamweleza shangazi. Shangazi alirudi Oman kutoka Unguja miaka ya 1970, na sijapata kumwona akipika chakula cha watu wachache. Akaitazama pakti kwa huruma.

"Mwanangu, hivi ni vya wageni au vya paka?"

Tuliporudi kutoka kuswali, alikuwa keshaimwaga yote kwenye beseni, na uyoga ulikwisha kupanda ukingo, uko njiani kuelekea kwenye mchele. Nusu kaihamishia sufuria ya biriani. Mtoto mmoja akauliza masikio haya yote ni ya nani.

Mapishi yalitaka mvinyo wa mchele. Hilo halikujadiliwa. Shangazi akatoa ndimu kavu, zile nyeusi za Oman, na haki yake nampa: uchachu wake ulikaa vizuri kuliko nilivyotaraji.

Ikaja zamu ya pilipili kavu, ambazo hutangulia kwenye mafuta yenye moto mpaka ziungue kidogo. Nje ni Juni, joto limepita digrii 40, madirisha yote yamefungwa na kiyoyozi kinazungusha hewa ileile. Majilisini ikatoka chafya moja. "Alhamdulillah." "Yarhamuka Allah." Adabu tupu. Kisha wakapiga watatu kwa mpigo, na aliyetakiwa kuwajibu naye akapiga. Dua zikapishana: huyu anajibiwa kabla hajahimidi, yule kahimidi hana wa kumjibu. Mjomba, mtu wa sheria hata machozi yakimtoka, akatangaza kwamba kujibiwa mwisho chafya ya tatu. Ya nne ni mafua. Yeye mwenyewe ya nne alishaivuka zamani.

Nilichohitaji hapo ni dakika chache tu za kuachiwa karai. Mmoja akapunguza moto kwa kuihofia nyumba, mwingine akaurudisha, na shangazi huyo anakuja na bakuli la tui: "Acha kwanza ichemke." Pale Al Bustan, kwenye mzunguko wa barabara, limewekwa jahazi liitwalo Sohar, lililoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Liliondoka Oman Novemba 1980, likatia nanga Canton Julai 1981. Basi kwetu hiyo ndiyo kasi ya kwendea Uchina, na mimi nilitaka kufika kabla kitunguu hakijalainika!

Tui nililizuia kwa mwili wangu. Chakula kikapakuliwa. Uyoga wenyewe hauna ladha ya kutajika, sifa yake ni kutafunika kwa mlio, na majilisi nzima ikawa inalia. Ghafla bibi akaacha kula, akajigusa midomo, akauliza kwa utulivu kama imepinda. Nikamweleza kwamba pilipili ya Sichuan si pilipili hasa, ni ganda la kitunda cha ukoo wa ndimu, na kazi yake ni kutia ganzi. Hakuniamini. Akaletewa kioo, akajitazama kushoto na kulia, akaridhika, akasogeza sahani aongezewe.

Sufuria ya biriani imebaki na uyoga wake. Shangazi alitaka ulale majini mpaka kesho aupikie mchuzi wa nazi. Nikakataa, maana uyoga ukikaa majini muda mrefu kwenye joto huweza kuzalisha sumu. Nimeuchuja, nimeutia mifukoni, friza haifungi. Jamaa wa Al Khuwair na Seeb, njooni mchukue. Hamlipi kitu, ila kila mtu aje na mfuko wake, na ule mkubwa.