Hongera, Umepata 130 za Bure

Unataka kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili? Anza kwa kuchagua mtihani. GMAT ni wa watu wa biashara, GRE ni wa kila mtu mwingine, ingawa vyuo vingi vya biashara sasa hupokea wowote, mradi umeulipia. Ada ya GRE ni zaidi ya dola 200, nayo hairudishwi ukifeli.

Samahani, GRE haina kufeli. Alama za kila sehemu, ya lugha na ya hesabu, huanzia 130 na kuishia 170. Ukikosa kila kitu, 130 ni zako. Baraza letu la mitihani lingekuwa na roho hiyo, nani angerudi nyumbani na divisheni ziro? Tangu Septemba 2023 mtihani wenyewe umefupishwa, kutoka karibu saa nne hadi chini ya saa mbili. Ada haikupata habari hiyo.

Kisha kuna Kiingereza. Umefundishwa kwacho tangu kidato cha kwanza na tasnifu umeiandika kwacho. Bado huenda ukatakiwa ukalipie TOEFL au IELTS kuthibitisha. Matokeo hayo hutambuliwa miaka miwili tu, ya GRE mitano. Kiingereza chako, kama maziwa, huchacha mapema kuliko hesabu zako.

Kabla hujalipa, soma masharti ya idara unayoitaka. Nyingi zimeshaacha kuulizia GRE. Ada ya maombi bado wanaiulizia.